Boyi na Muchoraji: Watu Wawili Waliotunza Historia ya Muji Wetu

Kila mara tunapoongea historia ya Katanga, majina ni yale yale: mwami Msiri wa Bunkeya, mufalme Leopold II, Union Minière, Tshombe, Lumumba, Mobutu. Ni majina ya wakubwa, na hatukatai ya kama yana maana. Lakini muji sawa Lubumbashi haukujengwa na wakubwa peke yao, na habari zake pia hazikutunzwa na wakubwa peke yao. Katika kurasa hizi tunataka kuongea juu ya watu wawili wa hali ya chini. Mumoja alikuwa boyi wa wazungu, mwingine alikuwa muchoraji wa kuuza picha katika site. Hawakuwa na diplome ya historia. Hata hivyo, kama leo tunajua namna wazee wetu walivyouona ukoloni kwa macho yao wenyewe, wao wawili walitusaidia sana.

Tukumbuke kwanza mwanzo. Union Minière ilianza katika mwaka 1906, na muji wa Elisabethville ukaanzishwa katika 1910, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka kusini. Watu wa kazi walitoka mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, kiisha Ruanda-Urundi. Kila mumoja alikuja na luga yake, na Kiswahili ndicho kikawa luga ya kazi, ya soko na ya nyumbani. Wamoja walichimba na kuyeyusha shaba, wengine waliingia katika jikoni za wazungu. Hawa wa jikoni waliitwa boyi, hata kama mutu alikuwa na mvi na wajukuu.

Boyi alikuwa mutu wa ajabu. Alipika, alifua, alilea watoto wa bwana, na kila siku alisimama karibu na meza bila mutu kumuangalia. Kwa hiyo alisikia mengi. Katika mwaka 1965, muzee mumoja wa kazi hiyo, André Yav, alikusanya habari hizo kwa niaba ya chama cha wale waliowahi kutumika katika nyumba za wazungu. Kijitabu chake kilipigwa kwa mashini, kikapewa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani yake ni Kiswahili chetu cha Katanga, kile cha mudomo, kisichofuata sheria za masomo. Uhuru ulikuwa na miaka mitano tu, secession ilikuwa imekwisha katika Januari 1963, na wazungu wengi walikuwa wamekimbia. Boyi wa zamani walibaki bila kazi, na pia bila mutu wa kushuhudia kazi waliyofanya. Yav aliona ya kama, kama hawasemi wao wenyewe, watasahauliwa.

Ndani ya kijitabu kuna mambo makubwa na madogo: kufika kwa wazungu wa kwanza, mateso ya kazi, na ile hofu ya batumbula, watu waliosemwa kukamata Waafrika usiku juu ya kuwapeleka kuliwa na wazungu. Mwenye masomo atacheka. Sisi tunamuomba asicheke haraka. Habari ya batumbula haituonyeshi chakula cha wazungu. Inatuonyesha namna wazee walivyoelewa kazi iliyokula nguvu za watu na kurudisha kidogo. Hakuna ripoti ya leta ingeandika hofu hiyo kwa sauti yao.

Wa pili ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa katika 1947. Huyu alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga na kuuza kwa watu wa kazi, makarani na walimu. Wazee wanakumbuka picha za namna hiyo katika salon: Mamba Muntu, Inakale, na zaidi Colonie Belge, ambamo mufungwa anapigwa fimbo mbele ya muzungu. Kwa bei ndogo, jamaa iliweka ukutani kumbukumbu ya mateso yake. Lakini Tshibumba hakutosheka na kurudilia picha zile zile kama soko lilivyotaka. Alijiita mutu wa historia. Katika miaka ya 1973 na 1974, alipokutana na mwalimu Johannes Fabian, alichora karibu picha 100 zenye kusimulia inchi tangu mababu mpaka Zaire ya wakati wake, na aliongea juu ya kila picha kwa Kiswahili. Fabian alizichapisha na maongezi hayo katika kitabu cha mwaka 1996.

Tutoe mufano mumoja. Katika Desemba 1941, watu wa kazi wa Union Minière walifanya grevi juu ya mushahara, maana vita ilikuwa imepandisha bei ya vitu. Tarehe 9, gavana Maron alipokuwa kule, askari walipiga risasi katika kiwanja cha mupira cha Elisabethville, na watu wengi wakakufa. Tshibumba hakuwa amezaliwa. Alisikia, akachora. Kifo cha Lumumba cha tarehe 17 Januari 1961 alikichora pia, na katika picha moja akaweka misalaba mitatu, sawa Golgota, juu ya Lumumba, Mpolo na Okito.

Kuna wenye kusema: tarehe zao si sawa, wanachanganya mambo. Ni kweli pahali pengine. Tarehe tunaweza kusahihisha kwa karatasi za ofisi. Lakini ofisi haina karatasi ya kusahihisha maumivu. Musomi anahitaji yote mawili.

Na mwisho wao? Tshibumba, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, habari zake zilikatika. Picha zake zile 100 ziko Amsterdam, kule Uholanzi. Kijitabu cha Yav kilitolewa upya katika 1990 na Fabian. Muandiko wake ulikuwa wa shida mpaka Kalundi Mango, mwana-inchi, alipousoma kwa sauti. Hapo maneno yakafunguka. Jambo hilo latufundisha: luga yetu ya mudomo inatunza mambo ambayo macho peke yake hayaoni. Tunawashukuru wageni waliotunza, lakini ni haya kwetu kupanda ndege juu ya kuona ukuta wa babu.

Kazi haikusimama. Tangu mwaka 2000, walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, wamekusanya maneno na vitu vya jamaa za muji. Lakini chuo hakiwezi kuingia katika kila lupango. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kama kwenu kuna picha ya zamani, musiitupe wakati wa kupaka rangi nyumba; muandike nyuma nani aliinunua na mwaka gani. Kama kuna muzee aliyetumika jikoni au katika shaba, mukae naye, mumuulize, mushike sauti yake katika telefoni, na mumuache aongee Kiswahili chake bila kumusahihisha.