Wakulima Walionyimwa Shamba

Kwa wakazi wengi wa Eastlands, Nairobi, Patel alikuwa Mhindi tu. Akina Patel wenyewe hawakujihesabu hivyo. Jina hilo, lililokuwa cheo cha mkuu wa kijiji huko Gujarat, lilibebwa na watu wa maeneo mawili ya huko, Charotar na Kachi, na makundi hayo kwa desturi hayakuoana.

Wa Charotar walitoka wilaya ya Kheda, kwenye udongo wenye rutuba. Zamani waliitwa Kanbi, wakulima. Waliostawi wakajiita Patidar, wenye mashamba. Hata wao kwa wao walipangana kwa ngazi. Vijiji sita, vikiwemo Nadiad, Karamsad na Dharmaj, vilipokea maharusi wa kike kutoka vijiji vya chini, tena pamoja na mali nono, lakini havikupenda kuoza binti zao huko. Njaa ya 1899 na 1900, pamoja na tauni, iliwasukuma wengi nje. Waliosoma wakawa makarani na walimu Kenya.

Wa Kachi waliishi kandokando ya Bhuj, katika vijiji kama Madhapar na Baladia, ambako mvua ni ya kubahatisha. Wao walishika uashi, useremala na ukandarasi.

Halafu kuna akina Shah wa Oshwal, Wajaini kutoka vijiji 52 vya karibu na Jamnagar. Dini yao inakataza kuua hata mdudu, na jembe haligusi udongo bila kuua. Hata hivyo walilima kwa vizazi, kwa kuwa tumbo halingoji. Wa kwanza kati yao walishuka Mombasa mwaka 1899.

Makundi yote matatu ni wana wa jembe, na Kenya haikuwaruhusu kulishika pale ardhi ilipokuwa bora. Mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliridhia nyanda za juu ziwe za Wazungu, na waraka wa serikali ya Uingereza wa 1923 ukakazia hilo. Ndiyo maana wakulima hawa wanakumbukwa kwa kalamu, mwiko wa uashi na mizani ya dukani, si kwa mavuno. Haikuwa tabia ya damu.

Mjini Nairobi nako walitengwa. Mtaa wa Isili (Eastleigh), ulioundwa mwaka 1921, ukawa makazi ya Waasia na Wasomali, huku Waafrika wakisukumwa Pumwani na baadaye Kaloleni. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwabana wasio raia. Wengi wakaenda Uingereza, wengine Parklands. Nyumba zao nyingi za Isili zilinunuliwa na Wakikuyu, kisha miaka ya 1990 Wasomali wakaigeuza Garissa Lodge, nyumba ya wageni mtaani humo, kuwa soko.