Kura, Mlezi na Mlango wa Siri

Mapema mwaka 1995, seva ya NCSA, programu iliyobeba tovuti nyingi za wakati ule, ilikuwa haina mwenyewe. Mwandishi wake, Rob McCool, alikuwa ameondoka katikati ya 1994, na wasimamizi wa tovuti walibaki wakiziba matundu kila mtu kivyake. Brian Behlendorf na Cliff Skolnick wakawakusanya kwa barua pepe, wakapata kompyuta ya pamoja huko California, na watu wanane wakaanza kurekebisha msimbo mmoja. Kazi hiyo ikaitwa Apache, na kufikia 1996 ndiyo iliyokuwa seva inayotumika zaidi kwenye intaneti.

Lakini wa tisa angeingiaje? Jibu lao lilienea kwingi: tuma marekebisho, yasomwe, yakubaliwe, mpaka wenzako wakupigie kura upewe haki ya kuandika mwenyewe. Hakuna aliyedai cheti. Mradi wa FreeBSD uliongeza jambo ambalo naliona la busara kuliko yote: mgeni hupewa mlezi, na kwa muda fulani haingizi chochote mpaka mlezi huyo aridhie. Linus Torvalds wa Linux alikataa mfumo wote huo. Kwa Git, programu ya kutunza msimbo aliyoiandika 2005, kila mtu ana nakala yake kamili, naye Torvalds huchagua kazi ya nani aichukue.

Mwaka huohuo Audrey Tang wa Taiwan, ambaye baadaye alikuwa waziri, alianzisha mradi wa programu uitwao Pugs na kugawa haki ya kuandika kwa yeyote aliyeonyesha nia. Wengi walidhani pangeharibika. Pakachangamka, kwa sababu kila badiliko lilionekana na wengi, na lililoharibika lingeweza kurudishwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mkasa wa xz ulitokana na ukarimu. Programu hiyo ya kubana mafaili imo karibu katika kila Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila malipo. Aliyejiita Jia Tan alijitokeza 2021 na kufanya kazi nzuri kwa subira. Mwaka 2022 akaunti zisizojulikana zikamsakama Collin kwamba anachelewa, aongeze msaidizi. Naye akaeleza kuwa nguvu zake zimepungua. Tan akapewa haki. Februari 2024 toleo la 5.6.0 likatoka likiwa na mlango wa siri. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliugundua mwezi uliofuata kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kwa SSH kulichelewa nusu sekunde hivi.

Miaka ya uchunguzi ambayo mgeni angepitia Apache, Tan aliipitia pia. Kilichokosekana ni macho mengine: Collin hakuwa na wenzake wa kupiga kura wala wa kumsomea msimbo. Alipekua kazi ya Tan na Mei 2024 akatoa toleo safi, 5.6.2.