Anwani ya Kuazima

Ukibahatika kuona bahasha kuukuu ya barua iliyokwenda Shishiyu, wilaya ya Maswa, itazame vizuri. Enzi hizo Maswa ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Simiyu imezaliwa 2012 tu. Humo hutaona namba ya nyumba wala jina la mtaa. Utaona jina la mtu, chini yake shule au kanisa, kisha S.L.P. ya Maswa. Sanduku moja, watu chungu nzima. Posta walilijua sanduku, mwenye barua hawakumjua; yeye alisubiri mtu atoke mjini na furushi, majina yasomwe mmoja mmoja.

Anwani za intaneti nazo zina historia ya namna hiyo hiyo, ila hii ilianzia mbali.

Mwezi wa Septemba 1981 wataalamu wa Marekani walichapisha kanuni kwamba kila mtambo kwenye mtandao uwe na namba yake: mafungu manne, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ukizidisha unapata namba 4,294,967,296. Waliona ni nyingi mno. Lakini dunia ya mwaka huo ilikuwa na watu kama bilioni 4.5! Yaani tangu siku ya kwanza hazikututosha, hata kila mtu angepewa moja tu. Sawa, hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wakihesabu kompyuta za vyuo na za jeshi lao, na sisi wa pamba na mtama hatukuwamo kwenye hesabu.

Basi wakagawiana kwa mkono wa ukarimu. Chuo cha MIT peke yake kilipewa namba zote zinazoanza na 18, jumla 16,777,216, kikakaa nazo hadi 2017 kilipoanza kuziuza nusu yake. Afrika tulikuwa tunapeleka maombi Ulaya na Marekani. AfriNIC, shirika letu la kugawa namba lenye makao Mauritius, lilitambuliwa rasmi Aprili 2005, na mwaka huo huo likakabidhiwa namba zinazoanza na 41. Ngapi? 16,777,216. Fungu sawasawa na la chuo kimoja! Ni kweli tuliongezewa mengine baadaye, lakini tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia likabaki tupu.

Namba zilipoanza kuadimika ikabuniwa hila, mwaka 1994: nyumba nzima, au ofisi nzima, ijifiche nyuma ya namba moja. Mwaka 1996 zikatengwa rasmi namba za ndani ambazo nje hazina maana, kama zile za 192.168 unazoziona ukifungua modemu. Hiyo, bwana, si ni S.L.P. ya shule kabisa?

Modemu za ADSL zilifika miji yetu miaka ya 2000, TTCL ikizipitisha kwenye waya ule ule wa shaba wa simu ya mezani. Mtu anaongea, mwenzake anasoma barua pepe, waya mmoja. Modemu ikiwaka hutoa jina na nywila, nayo hukopeshwa namba kutoka kwenye kapu la kampuni. Umeme ukikatika ukarudi, pengine inapewa nyingine. Aliyetaka namba isiyobadilika, yaani anwani ya kudumu, alilipa zaidi; wengi wao ni mabenki na maofisi. Na ADSL haivuki mbali: kilomita 5 hivi kutoka mitambo ya simu, basi, inachoka. Chora duara hilo kuzunguka Maswa mjini, Shishiyu inabaki nje. Vijijini mtandao ulikuja kwa minara ya simu za mkononi, na huko kampuni huweka wateja wengi sana nyuma ya namba moja.

Utauliza, shida iko wapi, mbona picha na video zinaingia? Zinaingia kwa sababu umeziita wewe. Mwenye namba ya kuazima anaweza kubisha hodi popote, ila yeye mwenyewe habishiwi. Kijana wa Shishiyu akitaka kuweka jarida lake kwenye kompyuta iliyo chumbani kwake, wasomaji wa Mwanza au Muscat waje walisome hapo hapo, hawataufikia mlango. Itabidi apange chumba kwenye seva ya mtu, mara nyingi ng'ambo, na akishindwa kodi maandishi yanatupwa nje kama godoro la mpangaji. Mimi hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata kasi ndogo tunayoilalamikia kila siku.

Dawa ipo tangu miaka ya 1990: namba mpya ndefu, IPv6, zinazotosha kila simu na kila taa ya nyumbani, zikabaki nyingine zisizohesabika. Kuzieneza ndiko kunakokwenda kwa mwendo wa kobe.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, majina ya barabara na namba za nyumba. Simu iliyo ndani ya nyumba yenye namba mlangoni ina mambo yake. Fungua mipangilio yako uone: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko ndani ya sanduku la kampuni pamoja na majirani usiowajua.