Mpira wa puani ulianzia wapi?

Leo tunazungumzia kitu ambacho akina mama wengi wakikiona wodini wanalia: ule mpira mwembamba anaopitishiwa mtoto puani ili maziwa yafike tumboni. "Mwanangu ndiyo basi," mama anasema. Ngoja kwanza usikie ulikotoka.

Mwishoni mwa miaka ya 1700, huko London, Uingereza, daktari wa upasuaji John Hunter alimtibu mwanamume aliyeshindwa kumeza. Mipira kama hii ya leo haikuwapo. Hunter akachukua ufito uliotokana na nyangumi, akauvika ngozi ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, na kwa njia hiyo akafikisha tumboni mayai yaliyopigwa pamoja na maziwa na sukari. Sisi tungekimbia! Lakini yule mtu alipona, akarudi kumeza mwenyewe.

Watoto walifikiwa baadaye. Paris, Ufaransa, katika miaka ya 1880, daktari Stéphane Tarnier alikuwa na watoto njiti wasio na nguvu hata ya kunyonya. Akapitisha mpira laini mdomoni, maziwa yakashuka taratibu. Mwaka 1921 Abraham Levin wa New Orleans, Marekani, akaeleza mpira wa kupitia puani. Huu wa leo ni ndugu yake, ila ni mwembamba na laini zaidi.

Kwa nini usimlazimishe tu kwa kijiko? Mtoto mwenye utapiamlo mkali mara nyingi hana hamu ya kula. Ukimlaza na kummiminia maziwa kwa nguvu, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Tena mwili wake hauwezi chakula kingi kwa ghafla. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unaanza na F-75, maziwa yenye kilokalori 75 kwa kila mililita 100, kidogo kidogo, usiku na mchana.

Basi mama, ukimwona muuguzi anavuta majimaji kwa bomba la sindano kabla ya kumimina maziwa, anahakikisha mpira uko tumboni. Muulize, ni haki yako. Kama unanyonyesha, endelea. Na kila mlo mtoto hupewa kikombe kwanza. Kinachobaki ndicho kinapita kwenye mpira. Akianza kumaliza kikombe mwenyewe, mpira unatolewa.