Matera: mji wa mapango (Sehemu ya 4)

Mama mwenzangu, ukifika Bari, kusini mwa Italia, panda treni mpaka Matera. Utaona mapango ya Sassi, sasa hivi mengine ni hoteli. Piga picha, ila simama kidogo. Humo familia zililala chumba kimoja na punda na kuku, bila maji ya bomba. Malaria na kuhara vikamaliza watoto, jamani. Mwaka 1952 ikatungwa sheria, watu kama 15,000 wakahamishiwa nyumba mpya. Mwaka 1993 UNESCO ikayatangaza mapango urithi wa dunia.

Wale mama hawakuwa wazembe. Nyumba ndizo zilikuwa zinaumwa. Nikiwa wodini na ulimi unataka kumlaumu mama, naikumbuka Matera. Nauliza kwanza: maji mnachota wapi?