Kutoka Ubao wa Chuoni hadi Daftari la Cornell: Historia Fupi ya Kuandika Notisi

Wanafunzi wengi hudhani kwamba notisi zikishaandikwa, somo limeshaingia kichwani. Katika insha hii ninatetea hoja kwamba historia inatuonyesha kazi mbili tofauti za notisi, yaani kutunza maarifa na kuyakumbuka, na kwamba kuzichanganya ndiko kunakotuangusha katika mitihani.

Kazi ya kutunza ilishughulikiwa vizuri na mwanafalsafa Mwingereza John Locke. Mwaka 1686 alichapisha kwa Kifaransa njia ya kupanga daftari la madondoo. Kila dondoo lilipewa kichwa cha neno moja, kisha likaorodheshwa kwa herufi ya kwanza na irabu inayoifuata. Neno "kilimo", kwa mfano, lingewekwa chini ya K na i. Msomaji aliweza kulipata dondoo lake hata baada ya miaka mingi. Hata hivyo, daftari hilo lilimsaidia kutafuta tu, halikumlazimu kukumbuka.

Kazi ya pili ilijulikana zamani katika vyuo vya Kurani vya pwani ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi aliandika aya kwa wino juu ya ubao, akairudia mpaka akaihifadhi, akamsomea mwalimu, ndipo ubao ukaoshwa ili upokee aya nyingine. Maandishi yakishafutika, kilichobaki ni kile kilichomo kifuani.

Hatari ya kusahau ilikuja kupimwa na Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885. Alijifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima muda aliouokoa alipojifunza upya orodha ileile. Baada ya saa moja aliokoa chini ya nusu ya muda wa awali. Baada ya siku moja, kama theluthi moja. Baada ya siku 31, takribani sehemu moja ya tano.

Katika karne ya 20, Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliziunganisha kazi hizo mbili. Katika kitabu chake cha mwaka 1962 alieleza ukurasa wenye sehemu tatu: safu pana ya kuandikia mhadhara, safu nyembamba kushoto ya maswali na maneno muhimu, na nafasi ya muhtasari chini. Baada ya mhadhara, mwanafunzi hufunika safu pana na kujibu maswali kwa maneno yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, mkono unaofunika ukurasa huo unafanya kazi ileile ya maji yaliyoosha ubao.

Mtu anaweza kupinga kwamba kukariri ni kazi ya kasuku. Pingamizi hili lina uzito, na ndiyo maana muhtasari wa Pauk ni muhimu: asiyeelewa hawezi kufupisha. Aidha, mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima kwa kuandika walichokumbuka walipata asilimia 56, na wenzao asilimia 42.

Sisi tunaojifunza Kiswahili tuna mfano wa karibu. Jedwali la ngeli linaweza kukaa daftarini muhula mzima, limepigwa mistari kwa rangi, na bado mtu akasema "kitabu yangu". Afadhali alifunike, aandike upatanisho wa KI-VI bila kutazama, kisha afunue na kusahihisha. Arudie kesho, na tena wiki ijayo.

Kwa kuhitimisha, daftari nadhifu ni ghala zuri, lakini chumba cha mtihani huingiwa bila ghala. Mwanafunzi ajifunze kufunga daftari mapema, kabla msimamizi hajamwambia alifunge.