Msitu, Fishi na Fakture: Bambuti wa Kahuzi mbele ya lopitali

Katika Kivu yetu kuna maneno ya njiani kwamba Mumbuti hapendi lopitali. Wanasema anakuja kwa kuchelewa, wakati ugonjwa umekwisha kumzidi, na akipewa dawa anaziacha nusu. Wanafunzi wangu nao wanayarudia maneno hayo bila kuuliza yalitoka wapi. Tuulize basi, juu jambo hili ni la historia kuliko la mila.

Batwa, ambao wengi wetu tunawaita Bambuti, waliishi katika misitu ya Kahuzi zamani sana, mbele ya wakulima na wafugaji. Msitu ulikuwa chakula na nyumba, tena ulikuwa famasi. Gome, majani, mizizi, asali: wazee walijua ipi ni ya homa, ipi ni ya tumbo, ipi anapewa mama aliyetoka kuzaa. Elimu ile ilikuwa na bei yake. Jirani mkulima alikuja kuomba dawa, akaacha ndizi ao chumvi. Munganga alikuwa Mumbuti, na mgonjwa tulikuwa sisi. Hilo tunapenda kulisahau.

Wabelgiji walifanya Kahuzi kuwa hifadhi mwaka 1937. Katika 1970 serikali ya Mobutu ikaigeuza mbuga ya taifa ya kilomita za mraba karibu 600, na 1975 ikaipanua mpaka 6 000. Batwa walifukuzwa bila kulipwa na bila kupewa ardhi ingine. Mwaka 1980 UNESCO ikaiweka mbuga katika urithi wa dunia. Gorila walipata walinzi. Bambuti walipata ukingo wa mashamba ya watu na kazi ya kulima kwa siku.

Angalieni miaka. Ni katika nyakati zile zile lopitali ilianza kudai franka kwa nguvu. Miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zone za afya 306, mpango mzuri uliofuata mkutano wa Alma-Ata wa 1978. Lakini serikali iliacha polepole kulipa, na kituo cha afya kikaishi kwa mfuko wa mgonjwa. Mwaka 1987, kule Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika wakakubali kwamba wagonjwa wachangie gharama. Mwenye shamba la muhogo ao mbuzi wawili anauza, analipa, ananung'unika. Mumbuti atauza nini? Alinyang'anywa famasi na mfuko kwa pamoja, kisha akaambiwa anunue fishi.

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anasomea kazi ya sosiali, alifanya staji katika kituo kimoja karibu na mbuga. Alinisimulia juu ya mama Mumbuti aliyejifungua vizuri, kisha akazuiliwa majuma mawili kwa ajili ya fakture. Mtoto mzima, mama mzima, lakini kutoka hapana. Tangu siku ile wanawake wa kijiji chake wanazalia nyumbani. "Mwalimu, wanasema hawapendi lopitali," aliniambia. "Mimi nimeona wanaogopa kufungwa."

Matumaini ya kijana huyu ni ya karibu sana. Anataka kila kituo jirani na Bambuti kiwe na mtu wa sosiali wa kumpokea mgonjwa mbele ya karani wa fishi, amuulize ametoka mbali gani na nani atamletea chakula. Anataka bibi mzalishaji wa Kimbuti aingie chumbani pamoja na mama. Anataka pia wasichana wao wamalize shule ya waganga, A2, juu mgonjwa anayepokewa na mtu wa kwao haoni haya kusema yote. Kwangu mimi mwalimu, hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Watoto Bambuti waliofika katika madarasa yangu ni wachache sana, na minervali haikuwangojea.

Kwa upande wa sheria, njia imefunguliwa. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Pigme wenyeji wa asili, pamoja na matunzo ya afya na dawa zao za jadi. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake: Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Nilimuuliza kijana kama kuna mtu kituoni aliyeisoma ile sheria. Akacheka.

Fasi moja hatukupatana. Yeye anataka dawa za wazee ziandikwe katika daftari, mimi ninasita. Gome la Prunus africana, mti wa milima yetu, limenunuliwa miaka mingi na viwanda vya Ulaya kwa dawa ya prostate ya wanaume wazee, mpaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa CITES. Sijasikia Mumbuti aliyepata hata franka moja. Kijana akajibu kwamba daftari litakaa kwa wazee wenyewe. Sawa, lakini majani yaliyoandikwa humo yako ndani ya mbuga, na katika 2018, wakati familia za Batwa ziliporudi msituni, watu walikufa katika mapigano na walinzi. Basi memwari yake ya mwisho ameiweka juu ya swali moja: kama wakubwa wa mbuga wanaweza kukubali siku mbili kwa juma ambazo wazee wataingia kuchuma dawa, wakatoka bila kukamatwa.